Kabla Hujawapigia Watu wa Korosho

Mwanangu Somoe,

Tunakaa vyumba viwili, na ukuta wa katikati ni mwembamba kiasi kwamba ukikohoa nasikia, halafu mimi nakuandikia barua kama mtu aliye nchi nyingine. Utacheka. Cheka tu, lakini isome mpaka mwisho.

Naiandikia hapa dukani, juu ya kaunta. Ni Jumapili alasiri, Kariakoo imepoa kidogo, na Kirit wa mikanda ameshafunga mlango wake. Wewe umekwenda Mchikichini kutafuta buti na mashati ya mikono mirefu ya kuvaa kiwandani. Ulipokuwa unatoka ulisema, "Hata nisiposafiri, Baba, buti zitafaa hapahapa." Ulisema kama unatania. Hukuwa unatania.

Na jana uliniuliza, umenipa mgongo, unatundika sili ndogo kwenye misumari yake: "Baba, nikiwapigia watu wa korosho nikawaambia siji, itakuwa aibu sana?" Mimi nikainama nikajifanya natafuta kitu chini ya kaunta. Nilikaa kule chini muda mrefu kuliko mtu anavyokaa akitafuta kitu. Nilipoinuka ulikuwa umeshapata mteja, nami nikamshukuru Mungu kwa mteja yule. Sasa basi lako la kwenda kazini Mtwara linaondoka kesho alfajiri na swali lako bado halijajibiwa. Mdomo wangu unaujua, ni mfupi. Kwa kalamu huwa naenda mbali kidogo.

Sitakuandikia habari za kula na kulala, wala nani wa kumsalimia na nani wa kumkwepa. Hayo unayajua kuliko mimi. Nataka nikuambie ninachokiona ninapokutazama ukifanya kazi, kwa sababu nadhani hakuna aliyewahi kukuambia. Mimi sikukuambia.

Nianze na mama yako. Wewe ulimjua akiwa mama. Mimi nilimjua akiwa msichana aliyekaa sakafuni mbele ya gunia.

Gunia lile lilikuwa la marehemu baba yake Kirit. Alilinunua kwenye kiwanda kilichofungwa, limejaa sili za kila aina zimechanganyika, kubwa kama kawa la kufunikia chakula, ndogo kama pete ya mtoto. Wewe unajua sili ni nini, kwamba ndiyo inayoziba pampu isivuje, lakini wakati ule watu wengi, hata dukani kwa mzee yule, waliona mapete meusi ya mpira tu, wakasema ni takataka. Mama yako alikuwa ametoka Lindi, anakaa kwa shangazi yake Ilala, na kazi yake pale ilikuwa kufagia. Mzee akamwambia lile gunia likatupwe. Yeye akaomba alipange kwanza. Mimi nilikuwa fundi kijana wa pampu, nimekuja kununua pakingi za kuzibia maungio, nikamkuta. Anachukua sili moja, anaivuta, anaiachia, anaitazama inavyorudi. Anainusa. Anaikunja mara mbili na kuangalia kama inapasuka kwenye mkunjo. Halafu anaitupa kulia au kushoto.

Nikamuuliza, "Dada, unatafuta nini humo?"

"Ndugu."

"Ndugu gani?"

"Hizi ni ndugu. Na hizi ni ndugu. Hii na ile zimefanana sura tu, hazijuani kabisa. Sogea basi, unanizibia mwanga."

Nilisogea. Sikuwahi kusogea mbali sana tangu siku ile.

Alizipa majina yake mwenyewe. Kulikuwa na mpira wa maji, ambao hauogopi maji ya moto wala kostiki, ile dawa inayounguza ya viwanda vya sabuni, lakini ukionja mafuta tu unavimba. Kulikuwa na mpira wa mafuta, unaokaa ndani ya dizeli kama samaki majini. Na kulikuwa na mpira wa moto, mchache, wa bei, ambao alisema ukiuweka kiganjani unahisi umebeba kitu kizito kuliko ulivyotegemea. Wataalamu wana majina yao, na wewe ulipoanza chuo cha ufundi uliyaleta nyumbani ukamfundisha. Nakumbuka alivyokuwa akiyakariri huku anapepeta mchele, akikosea moja kila mara, na wewe unamrekebisha kama mwalimu, na yeye anafurahi kurekebishwa.

Ulipozaliwa, tukiwa tayari na duka letu hili, bangili zako za kwanza zilikuwa pete nyembamba za mpira, zile zisizouzika. Kirit alikupakata hapo mlangoni akasema, "Mtoto huyu wa watu wa sili hatavuja maisha yake yote." Ukavuja palepale, juu ya suruali yake ya sherehe. Mpaka leo akikuona ukipita na ndoo ya maji anasogeza miguu.

Kisha vile vichupa. Watu wa mtaa huu wanavijua kuliko wanavyojua sura yangu. Kila mteja aliyekuja na kazi ngumu, mama yako alimuuliza swali lilelile: "Ndani kunapita nini?" Mtu anajua pampu yake ilitoka nchi gani, anajua ina nguvu kiasi gani, lakini kinachopita ndani yake hajui.

"Mafuta, mama."

"Mafuta ya nini?"

"Aa, mafuta tu."

"Basi kaniletee kidogo kwenye chupa."

Anakata vipande vya mpira, anatumbukiza kila kipande kwenye chupa yake, anaviweka kwenye rafu ile ya juu na kusubiri aone kipi kinavimba, kipi kinalainika, kipi kinabaki kama kilivyoingia. Rangi za vile vichupa unazijua, njano, kahawia, njano iliyofifia. Siku moja Kirit akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Somoe, hii zahanati yako inafunguliwa saa ngapi? Mimi nina sukari, nikuletee wangu upime?"

"Lete, shemeji. Nitakutumbukizia na kipande cha mpira humo, tuone kama utavimba."

Duka zima la jirani lilicheka. Kirit alicheka mpaka akakaa juu ya roli ya mkanda.

Mimi nilijifunza kwa kukosea. Hapa Kariakoo tunauza kwa sampo. Fundi anafungua pampu inayovuja, anaichomoa sili iliyokufa, anaitia mfukoni, anakuja nayo: "Nipe kama hii." Muuzaji anaipima kwa venia, kile kipimo cha chuma, anampa inayolingana, mambo yamekwisha. Siku moja mama yako hayupo, akaja kijana wa kiwanda cha kukamua alizeti na sampo yake. Nikapima vizuri, pande zote, nikampa. Baada ya siku chache akarudi, amekunja uso. Sili mpya haikai. Inacheza juu ya shafti, ule mhimili unaozunguka, kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto, na mafuta yanamwagika vilevile.

Mama yako akaomba ile sampo. Akaibonyeza kwa dole gumba.

"Baba Somoe, hii imekunywa mafuta mpaka imeshiba. Imevimba hii. Umempima mgonjwa wa miguu iliyovimba ukaenda kumnunulia viatu."

Yule kijana alicheka kwanza, halafu nikacheka mimi, na tangu hapo tukawa tunamwambia kila mtu akapime chuma, yaani shafti yenyewe na mahali sili inapokaa, kwa sababu chuma hakivimbi. Wengine wanaona usumbufu. Wanaenda duka la pili.

Unakumbuka kwamba maneno yale ya miguu yalirudi. Figo zake zilipochoka, miguu yake ilivimba kweli, ndala zake zote zikamkataa. Mimi nikaenda nikamtafutia kubwa, za kiume, za bluu. Akazitazama kitandani pale akasema, "Na wewe Baba Somoe hujifunzi tu." Tukacheka mimi na yeye. Wewe ulitoka nje. Nilikuona kupitia dirisha umesimama, umeweka paji la uso ukutani. Sikukufuata. Nilidhani ni heshima kukuacha. Sasa nadhani ningekufuata.

Baada ya arobaini sikuweza kuvigusa vichupa vyake. Nilikuwa nimeamua siku moja nitakodi mtu avibebe vyote akavitupe, nisiwepo. Wewe hukuniuliza kitu. Ulikuja asubuhi, ukavishusha kimoja kimoja, ukavifuta vumbi, ukavirudisha, ukakaa kwenye kiti chake. Chuoni hukurudi tena. Watu waliniambia, "Una bahati, binti kakushikia duka." Ilikuwa bahati kweli. Lakini niliiona kama bahati yangu peke yangu, na nikaacha miezi ipite.

Sasa nikuambie nilichokiona siku zako za mwanzo. Winga mmoja alikuletea mteja. Unawajua mawinga wetu, wanamshika mtu mkono tangu kituoni wanampeleka duka hadi duka, na wakimfikisha wanataka mambo yaishe haraka wapate chao.

"Sista, mpe huyu bosi kama hii, chapchap, ana gari linasubiri."

"Ndani kunapita nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"We dada, unauza au unahoji?"

Ukaishika ile sili, ukaigeuza. Ukasema, "Sijui ipi itafaa. Akiniachia na dawa kidogo, nikikaa nayo nitajua."

Yule winga alipiga makofi. "Jamani, jamani! Njooni mshuhudie! Kariakoo leo mtu kasema hajui!"

Watu walicheka mpaka duka la tatu. Walikuwa na haki ya kushangaa, mwanangu. Hapa hata kisichokuwepo kipo. Tunasema "kipo, kaa hapo kwenye benchi," halafu mtu anatoka mbio mlango wa nyuma kukiazima kwa jirani. Mimi mwenyewe nimekimbia hivyo na tumbo langu hili. Nilikutazama usoni nikidhani utaona aibu. Ulikuwa unaangalia sili bado, unawaza. Kicheko kilipita juu yako kama gari linavyopita barabarani. Mteja akaondoka na winga wake. Nilitaka kukuambia, mwanangu, siku nyingine mpe tu. Maneno yalifika mdomoni yakarudi, na leo nafurahi kwamba yalirudi, kwa sababu wiki ile ile yule bosi alikuja peke yake, bila winga, na chupa mkononi.

Halafu akaja Fundi Likwata.

Nilipomsikia lafudhi tu nilijua ni mtu wa kwetu kusini, nikafurahi kabla hajataja shida yake. Shida yake ilikuwa pampu za kiwanda cha korosho, zile zinazosukuma mafuta ya maganda. Wewe umezaliwa Ilala, korosho unaijua ya kwenye mfuko. Sisi tuliokulia huko tunayajua mafuta yale. Tulikuwa tukichoma korosho uani, zinatema, na zikikurukia ngozi inababuka. Doa hili la mkono wangu wa kushoto uliloliuliza ukiwa mdogo ni la hapo. Sasa fikiria mafuta yaleyale yakiwa ya moto, mengi, yanasukumwa na mashine, na kinachoyazuia yasimrukie mtu ni pete ya mpira. Likwata alisema kijana mmoja alikuwa tayari ameungua mkono. Alikuja na sampo imevimba kama andazi.

Mtu fulani mtaani alikuwa amemuuzia za kahawia, akamwambia za kahawia ndizo za moto. Ulizipokea, ukaweka moja kiganja cha kulia, na ya kwetu, sawa kwa ukubwa, kiganja cha kushoto. Ukafumba macho. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako na nilimwona mama yako, sikusingizii, nilimwona kwenye mabega yako.

Ukasema, "Hii ni rangi tu, kaka. Nyepesi."

Hukumwuzia siku ile. Ulimtaka mafuta, akayaleta kwa basi. Ulivaa glavu, ukayapasha uani, mbali na watu, ukasubiri. Kipande kimoja kilivimba, kimoja kikawa ute, kimoja kikatoka kama kilivyoingia. Ukampa hicho. Nilitembea kifua mbele siku ile mpaka Kirit akaniuliza kama nimeoa tena.

Na sili ile ikavuja.

Nataka tukumbuke vizuri hapa, kwa sababu najua hapa ndipo ulipokwama. Likwata alipiga simu, ukaweka sauti kubwa kwa sababu ulikuwa na sili mikononi. "Dada Somoe, inatema tena." Mimi nikakunong'oneza, "Mwambie hawakuifunga vizuri." Ndivyo tunavyosema sote. Ulinitikisia kichwa. Ukamwambia aizime, aifungue, aifute shafti, akutumie picha. Picha ilipokuja uliikuza kwa vidole viwili ukaona mfereji mwembamba umezunguka shafti, umechimbwa na sili za zamani kwa miaka. Sili mpya ilikuwa imekaa juu ya mfereji uleule, mdomo wake unaning'inia hewani, haubani kitu.

"Fundi, hili ni langu," ulimwambia. "Nilikuuliza mafuta, nikakuuliza moto. Shafti sikuuliza. Nilipaswa kuuliza."

 Nikasema moyoni, tumempoteza.

Halafu akasema, "Dada, mimi nanunua vitu Kariakoo tangu nikiwa na nywele. Leo ndiyo mara ya kwanza duka linaniambia 'ni langu.' Haya, nifanyeje?"

Ukamwelekeza aisogeze sili pembeni kidogo, ikae mahali shafti ni laini. Ikashika. Na kabla hajakata simu, kwa furaha tu, akasema lile neno. Kwamba ilipoanza kutema kulikuwa na binti anapita hapohapo na beseni, na kama yeye Likwata asingekuwa karibu na swichi, "angekuwa na ramani usoni." Alicheka. Nawe ulicheka naye. Ulipokata simu ulikaa juu ya ndoo, ukaangalia mikono yako.

Baadaye meneja wao akakuita kazini uzishike pampu zote. Ulikubali mchana. Usiku nikaanza kukusikia ukijigeuza kitandani.

Kwa hiyo najua unachoogopa. Unaogopa binti mwenye beseni.

Sitakuambia usiogope. Mimi nilikuwa fundi nisiyeogopa. Nilikuwa nikifunga pampu naiwasha, nasikia inanguruma, naenda zangu kunywa chai na kusimulia watu. Siku moja kwenye kiwanda cha sabuni nilirudi nikakuta kostiki imetapakaa sakafu nzima, na kilichookoa watu ni kwamba nao walikuwa wamekwenda kunywa chai. Nilimsimulia mama yako kama kituko. Hakucheka. Tangu siku ile, sili yoyote ya kazi ya hatari aliyoiuza alikwenda nayo mwenyewe. Alipanda daladala mpaka viwanda vya mbali, amejifunga kanga yake, mafundi wanamwangalia. Anatandika karatasi nyeupe chini ya pampu, kwa mbali, anageuza ndoo anakaa, anaitazama karatasi. Mafundi wanamwambia, "Mama, si imeshakubali? Nenda kapumzike." "Nimekaa, si ndiyo napumzika?" Alikuwa na hofu kuliko wewe, Somoe. Alikaa nayo kwenye ndoo akaitazama mpaka karatasi ikathibitika kavu, ndipo anarudi nyumbani akala. Hukuwahi kuiona hofu hiyo kwa sababu aliirudisha nyumbani ikiwa imekwisha.

Utakosea. Kuna siku utauliza mafuta, moto na shafti, na jambo la nne ambalo hakuna anayelijua litakuja kukuumbua. Nimewaza sana ningekupa nini kwa siku hiyo, maana mambo ya mpira umenipita zamani. Nina kitu kimoja tu cha fundi mzee. Ujue swichi iko wapi. Kabla hujajua jiko liko wapi na kitanda chako kipi, waulize swichi ya kila pampu iko wapi, uende ukaiguse. Na ukiwa na shaka, zima. Watapiga kelele. Watasema kiwanda kimesimama, lori linasubiri, huyu mwanamke wa Dar katuletea uoga. Waache wapige. Kelele wewe nimeona zinavyokupita.

Kuna jambo la pili, na hili umelificha nyuma ya lile la kwanza. Unaona nitabaki peke yangu.

Nitabaki peke yangu. Nimekwisha kulifikiria, siyo kwamba halijanigusa. Jana ulipouliza habari ya aibu, nikiwa kule chini ya kaunta, kitu ndani yangu kilisema, mwambie abaki. Kilisema kwa sauti ya upole kabisa. Ndiyo maana sikuinuka, nilikuwa nasubiri kinyamaze. Nimeishi na sauti yako ukisema "Ndani kunapita nini?" kila siku, na nadhani nilikuwa nikiisikiliza kwa ajili ya mtu mwingine. Hilo si haki kwako. Mama yako hakukufundisha mpira ili unikumbushe yeye.

Duka nitaliweza. Kazi ngumu nitakupigia simu, nitakutumia picha, utanigombeza kwa kupiga picha yenye kivuli. Jioni Kirit ameshasema atakuwa akiniletea chai ya tangawizi na malalamiko yake ya magoti. Siumwi. Nakula. Nikikukosa, nitakukosa kama baba yeyote anavyomkosa mtoto aliyekwenda kazini, na hilo haliui.

Nilikuwa nimefika hapa nikaweka kalamu chini, kwa sababu simu ya duka ililia. Nilidhani ni mteja. Alikuwa Fundi Likwata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Habari za huko?"

"Nzuri. Namtafuta Dada Somoe kwenye simu yake, haipokei."

"Yuko Mchikichini, kule hata mabomu husikii."

Akacheka, halafu akashusha sauti. "Mzee, nikuulize kiutu uzima. Anakuja kweli? Maana juzi nilimsikia sauti yake haina moto."

 Nikamwambia, "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu pampu ile kubwa imeanza kulia. Haijavuja, inalia tu. Meneja anataka tuikaze tuendelee. Wale vijana na wale mabinti wa mabeseni wamegoma, wa kwanza yule aliyenusurika siku ile. Wamesema hawapiti karibu yake mpaka aje yule dada wa simu, yule aliyesema 'ni langu.' Basi tumeizima. Imekaa hapo baridi kabisa."

Nikamwambia nitakufikishia. Sikumpa jibu lako, kwa sababu ni lako.

Lakini jibu langu nakupa, uliniuliza jana na mimi nikaenda kujificha. Siyo suala la aibu. Ukiwapigia ukasema huji, hakuna atakayekulaumu, na mimi nitakupokea kwenye kaunta hii kesho asubuhi kwa furaha ambayo itanisuta. Ila ujue kuwa binti uliyekuwa unamwona usiku, yule mwenye beseni, amekuwa wa kwanza kukataa kupita mpaka ufike. Anakuamini kwa lile kosa ulilolikiri, na wewe kwa kosa hilohilo umeacha kujiamini.

Mimi nimekutazama ukifanya kazi miaka yote hii nikiwa hatua chache nyuma yako. Nimemtazama na mama yako. Nakuambia kama fundi, siyo kama baba: ningeweka mkono wangu mwenyewe karibu na pampu uliyoifunga wewe.

Pampu yao imezimwa, Somoe. Nenda ukaiwashe.

Baba yako